Sura ya Nne: Mlango wa Chumba cha Mbegu

Sajenti Gaudiosa aligusa picha ya jembe kwa ncha ya kidole. Taa ndogo ya kijani ikawaka juu yake. Akaruka picha tatu, akagusa chungu. Taa zote tano zikawa nyekundu kwa pamoja, zikazima, na mlango ukabaki umefungwa vilevile.

"Umekosea utaratibu, mwanangu," alisema Mzee Leonardi nyuma yake. "Huwezi kutoka kwenye jembe ukafikia chungu. Hapo katikati kuna kazi."

"Najua, mzee wangu. Nilitaka nione mlango wenu unamgombezaje mtu."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kijijini Chilanzi, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Mpui. Upepo wa Agosti ulikuwa ukizoa vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kulimwaga kwenye kuta za ofisi ya ushirika. Gaudiosa, mpelelezi kutoka Sumbawanga mjini, alikuwa amefika na vumbi hilo hadi kwenye kope, wala hakulalamika. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Kasense, na vumbi la Agosti analijua kuliko anavyowajua baadhi ya shemeji zake.

Shauri lilikuwa hivi. Jumamosi, saa hizihizi za asubuhi, mtunza mbegu wa ushirika, Bertila, alifungua chumba cha mbegu akakuta kibuyu hakipo. Na hakikuwa kibuyu cha mchezo. Ndani yake mlikuwa na kilo nne za ulezi mwekundu wa zamani, mbegu ambayo kijiji kizima kiliamini imekwisha kupotea, mpaka walipoikuta kwa bibi mmoja aliyekuwa akiipanda nyuma ya jiko lake bila kumwambia mtu. Msimu unaokuja ilikuwa iende shambani, izae, kila nyumba ipate. Mlango haukuvunjwa. Dirisha chumba hakina. Waliojua kufungua walikuwa watatu tu: Mzee Leonardi mwenyekiti, Bertila, na Kelvin, fundi aliyeutengeneza mlango wenyewe.

Ufipa, mtu akiiba kuku atasemwa mwezi mmoja. Akiiba mbegu, watasemwa mpaka wajukuu zake. Saa nane mchana wanachama wangekutana, na neno lililokuwa limezunguka tangu Jumapili baada ya misa lilikuwa moja: Bertila avuliwe kazi, kisha apelekwe polisi akajieleze huko.

Bertila alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, kitenge amekikaza mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkavu wa maneno. Miaka kumi na moja alikuwa ametunza mbegu za watu, na haikuwahi kupungua hata kisahani.

"Ijumaa nani alifunga?" Gaudiosa alimuuliza.

"Mimi. Mzee Leonardi alikuwepo, kibuyu amekiona."

"Nimekiona," alikubali mzee. "Sitasema uongo."

"Jumamosi, kabla hujaja hapa, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa nafua."

"Nani alikuona?"

"Nguo," alisema Bertila.

Gaudiosa alijizuia kucheka, kwa sababu mwenzake hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amechoka. Siku tatu watu walikuwa wakimsalimia wakiwa wanatazama pembeni, na mtu wa kijiji kimoja na wewe akikusalimia hivyo, ni afadhali akutukane ujue moja.

Kelvin alikuwa ndani ya ofisi, mezani, karibu na mlango wa mbegu unaotazamana na mlango wa nje, amefungua kompyuta yake na kuiunganisha kwa waya kwenye kisanduku kilichokuwa ukutani. Kijana mrefu wa Sumbawanga mjini, fundi wa sola na kamera, mwenye bisibisi mfukoni kama kalamu. Aliinuka Gaudiosa alipoingia.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa. Nieleze mlango wako kama unamweleza mama yako."

"Mama alishaelezwa, akasema kufuli lilikuwa na ubaya gani."

"Basi mimi nieleze vizuri zaidi."

Kelvin akaeleza. Kwenye mlango kuna kioo chenye upana wa sinia. Nyuma ya kioo amebandika vipande vitano vya shaba, na mbele ya kila kipande amechora picha, kwa kuwa wazee wengine hawapendi tarakimu: jembe, mbegu, chipukizi, suke na chungu. Kidole kikikaribia shaba, umeme kidogo uliopo pale hubadilika, na kisanduku cha ukutani, ambacho ndicho kidhibiti, hulihisi badiliko hilo na kuliwekea namba. Namba ikivuka kizingiti alichokiweka yeye Kelvin, kidhibiti hukubali kwamba kweli huyu ni mtu, na kuwasha taa ya kijani juu ya picha ili mgusaji ajue amesikika. Picha tano zikiguswa kwa mpangilio uliowekwa, komeo huruka. Zikivurugwa, taa nyekundu.

"Na mpangilio aliuchagua nani?"

"Kamati ya wazee. Mimi nilipendekeza tuuchanganye. Wakanikatalia." Kelvin alimtupia jicho Mzee Leonardi aliyesimama kwenye mlango wa nje. "Walisema lazima uende na kazi ya shamba."

"Sasa nani atavuna kabla hajapanda?" aliuliza mzee. "Au unataka tupike kwanza, ndipo tuchukue jembe? Tungechekwa hata na vijana."

Gaudiosa aliandika kwenye daftari lake: jembe, mbegu, chipukizi, suke, chungu. Kisha akachungulia kioo na kuongeza neno moja: *safu*. Kelvin alikuwa amezichora picha kwa mstari, kushoto kwenda kulia, katika mpangilio uleule.

"Kijana wangu, umeandika siri mlangoni."

"Nilizichora kabla hawajaamua," alisema Kelvin kwa aibu. "Zilipendeza zikiwa hivyo."

"Ndiyo maana sisi tukaziona ni sawa," alisema mzee, na hakuona kosa liko wapi.

Kwa hiyo kila mtu mwenye akili ya mkulima angeweza kuufungua mlango ule, na kijiji kizima ni wakulima. Gaudiosa alivuta pumzi. Watuhumiwa watatu walikuwa wameongezeka wakawa mia nne, na bado hajanywa chai.

"Kinaweka kumbukumbu hicho kisanduku?"

"Kila mguso, na saa yake."

"Nisomee ya Jumamosi."

Kelvin akateremsha orodha kwa kidole. Mlango ulifunguliwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa mpangilio sahihi. Ukafunguliwa tena saa nne, hapo ni Bertila aliyekuta kibuyu hakipo. Kati ya Ijumaa jioni na saa moja na dakika kumi na mbili, hakuna aliyeufungua.

"Umeona sasa," alisema Mzee Leonardi kwa huzuni. Hakuwa anafurahi. Bertila ni mtoto wa dada yake. "Mlango umefunguliwa na mtu anayejua."

"Alhamisi ulikuja hapa," Gaudiosa alimwambia Kelvin bila kumtazama. "Nimeiona kwenye kitabu cha wageni. Ulikuja kufanya nini?"

"Marekebisho."

"Marekebisho gani, siku mbili kabla ya wizi?"

"Afande, mimi Jumamosi nilikuwa mjini, nafunga sola kwa watu. Waulize."

"Nitawauliza. Unaweza kuufungua mlango ukiwa mjini?"

"Hauna mtandao. Lazima mtu awepo hapa."

"Basi sikuulizi Jumamosi. Nakuuliza Alhamisi."

Kijana akatazama tena mlangoni, akakuna shingo. Aliyejibu ni mzee mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemwita. Mlango ulikuwa haunisikii." Akanyoosha mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyemaliza majuma mawili ya kupura ulezi, mikavu kwa baridi na upepo, vidole vimepasuka na ngozi imekuwa ngumu. "Nagusa, taa haiwaki. Nagusa tena, haiwaki. Mwenyekiti nasimama mlangoni kwangu nabisha hodi, na watoto wa shule wanapita. Nikasema huyu fundi aje."

"Kidole chake kilikuwa kinatoa namba kumi na nne," alisema Kelvin. "Kizingiti kilikuwa ishirini. Nikakishusha hadi nane. Hapo akasikika."

"Ni hicho tu?"

Upepo ukalivuta bati la paa na kuliachia.

"Na kidole gumba chake ni kipana, kinagusa picha mbili kwa mara moja. Kulikuwa na kinga: picha mbili zikiguswa pamoja, kidhibiti kinakataa yote na kuwasha nyekundu. Mzee akawa anakataliwa kila wakati. Nikaiondoa hiyo kinga. Sikumwambia mtu, Afande. Niliona ni jambo dogo."

Gaudiosa hakumgombeza. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba makosa mengi huanza na mtu mmoja kuona jambo ni dogo, na mwingine kuona aibu kuuliza. Alivuta kigoda, akaketi karibu na kompyuta.

"Bertila akifungua, anatumia muda gani?"

Kelvin akatafuta. "Sekunde tisa, kumi. Anagusa, anangoja taa, anagusa. Namba zake ni thelathini na tano hivi."

"Mzee?"

"Sasa hivi, sekunde ishirini na mbili."

"Sina haraka," alisema mzee.

"Na mtu wetu wa saa moja na dakika kumi na mbili?"

Kelvin akainama karibu na kioo cha kompyuta. "Sekunde moja na nusu," alisema. "Namba zake zinapita tisini. Na suke limeanza kuguswa chipukizi halijaachiwa." Akageuka. "Afande, hakuna kidole cha namna hii. Na kabla yake, kuna mguso mwingine umetoka chunguni kurudi kwenye jembe, ukakataliwa. Huyu alienda kinyume, kisha akarudi sawa."

"Chungu kwenda jembe, kisha jembe kwenda chungu," alisema Gaudiosa polepole. "Mwizi anayejua siri ataanzaje mwisho?"

Akainuka, akaenda kwenye mlango wa mbegu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Fremu ya mlango ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Juu ya kioo vumbi lilikuwepo pia, lakini jembamba, la siku tatu, na chini yake ilionekana michirizi mipana ya maji yaliyokauka, ikienda huku na kurudi. Pembeni, kwenye msumari, kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne, kona kwa kona, na ndoo imefunikwa chini. Juu ya msumari palikuwa na karatasi ya zamu za usafi.

Alisoma Jumamosi. Jina lilikuwa moja: Stefania.

"Huyu nani?"

"Mama Stefania, jirani hapo," alisema mzee. "Lakini huyo mwache. Alisafiri Jumamosi kwenda Matai, binti yake anajifungua. Alipanda gari la saa mbili. Zamu yake ilirukwa."

"Nani alikwambia kwamba ilirukwa?"

Mzee akaitazama upya karatasi ya zamu.

"Bertila," Gaudiosa aliita kupitia mlango wa nje, "njoo mara moja, dada yangu. Kitambaa hiki nani hukunja hivi?"

Bertila alikuja, akakitazama bila kukigusa. "Mama Stefania. Hata khanga za jumuiya ya kanisani hukunja hivyohivyo." Akakunja uso. "Kwani alikuja kufanya usafi kabla hajasafiri?"

"Mama wa aina hiyo anaweza kuacha zamu?"

"Hawezi. Angeona aibu hata huko Matai."

Gaudiosa alichota maji kwenye pipa, akakilowesha kitambaa, akakikamua nusu, kisha akakinyoosha kwa Mzee Leonardi. "Mzee wangu, naomba unifutie kioo. Kama unavyofuta meza."

"Mimi?"

"Wewe mwenyekiti."

Mzee akapokea kitambaa kwa mashaka, akaondoa kofia, akaiweka chini ya kwapa. Akafuta kutoka kulia kwenda kushoto. Taa tano zikawa nyekundu. Akarudisha mkono, kushoto kwenda kulia, na taa zikamfuata zikiwaka kijani moja baada ya nyingine, jembe, mbegu, chipukizi, suke, chungu. Komeo likaruka kwa mlio mdogo. Mlango ukaachia kiasi cha kupita mkono, upepo ukausukuma wazi kabisa.

Mzee Leonardi alisimama na kitambaa kinachodondosha maji kwenye viatu vyake. Bertila aliketi kwenye kizingiti cha mlango, ghafla, na akafunika uso kwa kitenge. Alikuwa analia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Maji yanahisiwa kuliko kidole," alisema Kelvin kwa sauti ndogo. "Na kinga niliiondoa. Lo, mimi."

"Bado kibuyu," alisema mzee. Lakini alilisema akimtazama Bertila, na sauti ilikuwa imekwisha kubadilika.

Gaudiosa aliomba namba ya simu ya mama Stefania. Simu iliita mara tano, ikapokelewa katikati ya kelele za watu wenye furaha. Akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mama Stefania. Naitwa Gaudiosa, napiga kutoka ofisini kwenu, ushirika."

"Marahaba, mwanangu. Mmesikia? Tumepata mtoto wa kiume, jana jioni, mzito huyo."

"Hongera sana, mama. Mungu amkuze. Nina swali moja. Jumamosi ulifanya usafi hapa?"

"Nisifanye kwa nini? Zamu ni zamu. Nilifuta kioo, na zile taa ambazo siku zote hunitolea wekundu, Jumamosi zikawaka kijani. Nikasema leo zimefurahi, zimejua naenda kupokea mjukuu."

Kelvin akafunika uso kwa mikono.

"Kisha?"

Sauti ya mama Stefania ikashuka. "Uko peke yako hapo?"

"Sema tu, mama."

"Nilienda kumwaga maji. Kurudi, nakuta mlango wa mbegu uko wazi. Nikasema, jamani, huyu Bertila leo amesahau mlango, na Leonardi akija kuona atamsema mpaka Krismasi. Nikataka kuuvuta. Lakini ule mlango mimi siuamini, sijui umeshika au haujashika. Mbegu haiachwi kwenye nyumba ya kubahatisha. Nikatoa kibuyu kwanza, kile cha ulezi mwekundu, ndicho kisicho na mwenzake, ndipo nikauvuta mlango, nikakipandisha darini kwangu, juu ya mafiga, mahali mbegu ilipokuwa ikikaa tangu enzi za mama zetu. Nilisema nikirudi nitampa Bertila kimya kimya, mtu asijue. Ni mtoto mzuri yule. Sikutaka aaibike."

Bertila alikuwa ametoa kitenge usoni, mdomo wazi. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na Gaudiosa alichukua muda kuelewa kwamba safari hii anacheka.

"Mama Stefania," alisema Bertila akisogea kwenye simu, machozi bado yanamtiririka. "Ni mimi. Umenifichia aibu mpaka nusura nifungwe."

"Kufungwa na nani?"

"Rudi utasimuliwa. Msalimie mjukuu."

Ufunguo wa jiko la mama Stefania ulikuwa chini ya kinu, mahali ambapo kila mtu alijua upo. Bertila alipanda mwenyewe. Kibuyu kilikuwa darini, kimefungwa kwa khanga iliyokunjwa mara nne, na masizi ya darini yalikuwa yamekwisha kukipaka kidogo. Akamimina kiganja kimoja, akautazama ulezi, akaurudisha punje kwa punje.

Saa nane wanachama walikuwa wamejaa nje ya ofisi. Gaudiosa alitoa maelezo yake mafupi, Kelvin akasimama akakiri yake, na mzee akafuta kioo tena mbele ya kila mtu, maana wengine walikataa kuamini mpaka waone. Kelvin alirudisha kinga. Kizingiti akakipandisha hadi kumi na mbili, na Mzee Leonardi akashauriwa ajipake mafuta mikononi na aguse kwa kidole cha shahada badala ya gumba. Likabaki la mpangilio. Ubishi ukaanza upya: hakuna aliyekuwa tayari kusimama mbele ya wenzake akapendekeza chungu kitangulie jembe. Robo saa ikapita.

Mzee Leonardi alinyanyua mkono. Wakanyamaza.

"Bertila mwanangu," alisema. "Mimi nilikudhania. Nilikuwa na nafasi ya kukutetea, sikuitumia, na wewe ni damu ya dada yangu. Nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu." Akauonyesha mlango kwa kidole. "Mpangilio uchague mwenyewe. Usituambie. Hata mimi usiniambie. Nikitaka kuingia nitakuita."

Bertila aliinuka akiwa amekumbatia kibuyu. Kelvin akaandaa kidhibiti kipokee mpangilio mpya, akatoka nje akiwa amefumba macho hadi akajikwaa kwenye ndoo.

Bertila alisimama mbele ya kioo na kungoja. Mzee Leonardi ndiye aliyeelewa kwanza. Taa zile zingewaka kila akigusa, na mwenye macho angesoma. Alivua kofia na kuupa mlango mgongo. Aliyekuwa karibu naye akageuka, kisha mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa unatazama mashamba.

Gaudiosa naye aligeuka. Alisikia komeo likiruka, na sauti ya kibuyu kikiwekwa juu ya rafu. Akafungua daftari, akaandika tarehe na saa, na chini yake: *Mwizi hakuwepo. Mtunza mbegu ni yuleyule.*